Somo la Kutengeneza Mikoba na Mikufu ya Fulana Bila Sindano

Mwezi uliopita nilihudhuria somo la nusu siku, hapa Dar es Salaam, la kugeuza nguo kuukuu kuwa mikoba, mikufu na bangili bila sindano wala uzi, nikiwa na fulana mbili za mtumba nilizonunua soko la Karume. Kilichonivutia zaidi ni maelezo ya mwalimu kuhusu kitambaa chenyewe: fulana ya pamba hufumwa kwa vitanzi, kwa hiyo ukiikata kwa upana kisha ukauvuta ukanda huo kwa nguvu, kingo zake hujikunja zenyewe ukawa kamba laini isiyotoa nyuzi, ambayo husukwa kama nywele hadi kuwa mkufu. Mkoba hupatikana kwa kuondoa mikono na shingo, kuchana pindo la chini kuwa vishada, na kuvifunga viwili viwili kwa mafundo imara. Wangu hubeba nyanya na vitunguu vya sokoni vizuri kabisa.

Bangili za khanga zilinisikitisha. Kingo zilianza kutoa nyuzi siku ya pili, na gundi tuliyopewa iliachia mara ilipopata maji. Naomba waandaaji waibadilishe gundi hiyo, kwa maana khanga niliyoikata ilikuwa ya marehemu mama yangu.