Kontrola ya boila na sensa zake: yaliyonikuta Moshi

Nina nyumba ndogo ya wageni Shanty Town, vyumba saba. Wateja wangu wengi ni wapanda mlima. Wakishashuka geti la Mweka, siku sita hawajaoga, wanafika kwa mkupuo kama saa kumi jioni na kila mmoja anataka maji ya moto hapo hapo.

Nina tangi la lita 300, paneli za jua juu ya bati, pampu ndogo ya kuzungusha maji na hita ya umeme ya kilowati 3 kwa siku za mawingu. Mwezi wa sita hadi wa nane hapa Moshi jua ni la kubahatisha. Kupasha lita 300 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa umeme mtupu kunakula karibu uniti 14 za LUKU, ndiyo maana nikanunua kontrola. Kazi yake ni kulinganisha joto la paneli na la tangi kupitia sensa, yaani vipima joto vidogo vyenye waya. Paneli zikizidi kwa nyuzi 8 inawasha pampu, tofauti ikishuka hadi 3 inaizima, na hita inawashwa pale tu jua linaposhindwa.

Fundi wa kwanza alimaliza kazi asubuhi moja. "Mangi, imeisha hiyo, we oga tu." Tukaoga kweli, wiki tatu. Kisha uniti zikaanza kuyeyuka, na usiku mmoja nikasikia valvu ya usalama inatema maji yanayotoa mvuke. Nikakimbia kuzima breka.

Fundi wa pili ni binti aliyesomea VETA. Hakugusa kitu mpaka alipofungua boksi lote na kutoa mita. "Mzee, nani alikufungia hivi?" Nikanyamaza. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 inavuta ampea 13, na rilei ndogo ya ndani ya kontrola, yaani swichi inayowasha hita, imeandikwa ampea 10. Midomo yake ilikuwa imegandana kama imechomelewa, hata kontrola ikisema zima, umeme unapita. Kibaya zaidi, thermostati ya hita yenyewe, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, ilikuwa imerukwa, eti kontrola inatosha. Akaweka kontakta, swichi kubwa zaidi, ibebe mzigo, rilei ikabaki kuiamuru tu, na thermostati akairudisha kazini.

Lakini kilichonifungua macho ni sensa. Ya tangi ilikuwa imefungwa kwa tepu kwenye bomba la kutolea maji. Maji yasipotembea bomba linapoa, kwa hiyo kontrola ilisoma 46 wakati tangi lina 60, ikaendelea kupasha. Kumbe tangi lina kibomba chake kilichozibwa ncha, kinaingia ndani kabisa kwa ajili hiyo. Aliisukuma humo na kupaka mafuta ya kupitisha joto. Sensa ya pampu ikakaa sehemu ya chini ya tangi, ya hita sehemu ya juu, maana maji ya moto hupanda na ya baridi hukaa chini.

Sensa moja ilikuwa imekufa, nikaenda mjini mwenyewe nikauziwa "ya boila". Kioo cha kontrola kikaonyesha namba za vituko. Kontrola yangu inataka sensa aina ya PT1000, mimi nilipewa aina nyingine, NTC ya kiloomu 10. Kwa macho ni pacha. Binti akanifundisha: weka mita kwenye omu, kisha ifumbate sensa mkononi. PT1000 inaanza karibu na 1,100 na kupanda taratibu. NTC inaanza karibu na 10,000 na kushuka haraka. Tangu siku hiyo nikienda dukani nabeba mita, na muuza duka ananiangalia kama mkaguzi.

Nyaya za sensa nazo zilikuwa zimepitishwa bomba moja na za pampu. Kila pampu ikiwaka, namba zinaruka nyuzi nne, tano. Alizipitisha njia yao peke yake, zikatulia.

Huu ni mwezi wa nane tangu marekebisho na maji hayajanikatisha tamaa hata wiki za mawingu. Kontrola naipa nyota nne, fundi wa pili tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu kifaa hakina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, saa inaanza upya kwenye sifuri, na ratiba ya hita inavurugika, unaweza kuta inapasha saa nane usiku watu wamelala. Kwa hiyo hapa kwangu umeme ukirudi, mpishi anaacha mtori jikoni, anapanda stoo na simu yake mkononi, anarekebisha saa, ndipo anarudi kukoroga.