Darasa la Biblia la Jumamosi, Barani: chai nzuri, feni mbovu

Mnaoniuliza kama darasa hili la Jumamosi alasiri hapa Barani, Malindi, linafaa pesa: linafaa. Shilingi 200 kwa kikao, na ndani yake mna chai ya tangawizi na mahamri. Mimi ni mjane, jioni nauza viazi karai, kwa hiyo siwezi kufunga biashara niende kusomewa kitu ninachoweza kujisomea nyumbani.

Mada ya mwezi huu ni umbea katika makanisa ya mwanzo. Mwalimu ni mama aliyestaafu, sauti yake ndogo, lakini hapitwi na kitu. Alianza na Timotheo wa Kwanza sura ya 5, ile tunayosomewa wajane tukionekana tu tumesimama wawili mlangoni pa mtu: wajane vijana wavivu, wazunguka nyumba kwa nyumba, midomo haitulii. Akasema tusirukie mstari wa 13, turudi wa 9. Pale pana orodha, na mjane haandikwi kama hajatimiza miaka 60. Orodha ya nini? Ya wanaotunzwa na kanisa. Basi kumbe hapo pana hela, na pana mtu anayeamua nani aingizwe na nani aachwe nje. Na hilo la nyumba kwa nyumba, waumini wenyewe walikuwa wakikutana majumbani. Mwanamke angekwenda wapi asipite mlango wa mtu?

Kisha tukafungua Wakorintho wa Kwanza 1:11. Paulo yuko Efeso, ng'ambo ya bahari, na habari za magombano ya Korintho ameletewa na watu wa nyumba ya Kloe. Nyumba imetajwa kwa jina la mwanamke! Mtume hakusema "sitaki maneno ya watu". Alizifanyia kazi, akaandika barua ndefu. Dada mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo zikimfikia mtume ni taarifa, zikinifikia mimi ni umbea?" Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Mimi lililonikaa ni la Diotrefe, katika Yohana wa Tatu. Mwanamume, apenda kuwa wa kwanza, awasema wenzake vibaya, tena awafukuza watu kanisani. Miaka yote niliyokaa kwenye mabenchi sijasikia mahubiri ya kuwaonya wanaume kwa mfano wake.

Sasa lawama. Mpagani Celsus, wa karne ya 2, alidhihaki habari ya ufufuo kwamba imetoka kwa mwanamke aliyepagawa, na Origen, mwanachuoni wa Kikristo, akaja kumjibu miaka kama 70 baadaye. Hapo ndipo nilipotaka tukae, lakini mwalimu alipita mbio kwa kuwa muda uliliwa na mzee mmoja, ambaye kila swali waulizwalo kina mama alilijibu yeye. Mwalimu ana adabu mno, alimwacha. Feni ya ukumbi yazunguka bila kutoa upepo, kwa hiyo wahini mapema mkae upande wa madirisha.

Nyota nne. Jumamosi ijayo ni Warumi 16, kina Fibi, Priska na Yunia. Njooni na Biblia zenu, nakala wanazogawa pale zimefifia, hazisomeki bila miwani, na kwa miwani pia ni taabu.