Kuongeza paneli za sola Nyanda za Juu Kusini: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Tuchukulie mfumo mdogo wa nyumbani: paneli moja ya wati 100, betri ya jeli ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri), na kontrola (kidhibiti cha chaji) ya PWM ya ampea 10, yaani aina inayoiunga paneli moja kwa moja na betri. Kiangazi unatosha taa, simu na televisheni. Ikifika Januari, mawingu yakilala juu ya Rungwe siku tatu mfululizo, betri inakata saa mbili usiku.

Kabla hujaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, kuuliza bei ya paneli, soma namba mbili kwenye kibandiko cha kontrola yako: ampea inazobeba, na volti za juu inazoruhusu kutoka kwenye paneli. Paneli ya wati 100 yenye seli 36 hutoa ampea 5.5 hivi. Mbili ni 11, na kontrola ya 10 imeshazidiwa.

Chaguo la kwanza: paneli kubwa yenye kontrola yake ya MPPT

Mfumo wa zamani uache ulivyo. Nunua paneli moja ya seli 60 (au nusu-seli 120, yaani seli zilizokatwa katikati) ya wati 300 hivi, pamoja na kontrola ya MPPT (aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea) ya ampea 30 na volti 100, kisha uifikishe kwenye betri ileile. Kontrola mbili zinaweza kuchaji betri moja bila shida, mradi zote zimewekwa aina sahihi ya betri. Betri ya jeli ya Ah 100 isipewe zaidi ya ampea 20 kwa jumla, kwa hiyo chagua MPPT inayokuruhusu kuweka kikomo, uiweke kwenye 14, kwa kuwa paneli ya zamani inaleta 5.5 zake. Jua likiwa kali utapoteza kidogo. Lakini siku ya ukungu, paneli ya 300 ikitoa theluthi tu, unapata wati 100 ambazo paneli ya zamani haiwezi kuzitoa hali ya hewa ikiwa hiyo. Unanunua kwa ajili ya masika, kiangazi kitajitosheleza.

Usiiunge paneli hiyo kwenye PWM. PWM huivuta paneli ishuke hadi volti za betri: ampea 9.5 mara volti 13 ni wati 124 tu, na zaidi ya nusu ya ulicholipia imepotea. Tena volti zake, paneli ikiwa haijaungwa na kitu, hufika 39 au 40, na kontrola nyingine ndogo zinaungua hapo hapo.

Hapa kuna mtego wa baridi yetu. Volti za kwenye kibandiko zimepimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja chini ya hapo huongeza takriban asilimia 0.3. Asubuhi ya Julai kule Makete, seli zikiwa na nyuzi 5, ongezeko ni asilimia 6. Paneli mbili za nusu-seli 144, zenye volti 49 kila moja, zikiungwa kwa mfuatano (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine) ni 98 kwenye karatasi, lakini alfajiri ni 104. Kontrola ya volti 100 inakufa, na fundi atasema ilikuwa feki.

Feki zipo kweli: sanduku jepesi limeandikwa MPPT na ndani ni PWM. Ijaribu wakati betri ina njaa. Pima ampea zinazotoka kwenye paneli na zinazoingia kwenye betri. MPPT halisi ikipokea 6 kwa volti 31 huingiza karibu 13. Zikilingana, irudishe.

La pili: paneli pacha

Kama bajeti ni ndogo, nunua wati 100 nyingine ya seli 36, iunge sambamba (chanya kwa chanya), na ubadilishe kontrola iwe PWM ya ampea 20. Gharama inayosahaulika ni waya. Umbali wa mita 10 kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, ampea 11 zinapoteza volti 1.5, na betri inachelewa kujaa. Tumia milimita 6. Ukifikisha paneli tatu, kila moja iwe na fyuzi yake ya ampea 10, kwa sababu moja ikipata shoti, mbili zilizobaki zinaisukumia umeme wote.

La tatu: paneli ya kukunja. Inamfaa anayehamahama na trela la biashara au kambi ya shamba. Kwa paa la nyumba ni ghali bure.

La mwisho: paneli laini za kubandika, na kapaneli ka wati 50. Ya kubandika inalala juu ya bati, haipati hewa chini, inapata moto na kuchakaa mapema. Ka wati 50 ukikaunga kwa mfuatano na wati 100, mkondo wote unashuka hadi ampea 2.8 na hujaongeza chochote.

Dukani beba futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hivi, bora kabisa 240 hadi 250. "Wati 200" yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita ni uongo wa kibandiko.

Wakati wa kufunga, elekeza kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Fyuzi ya betri ikae karibu na nguzo ya chanya. Betri iungwe kwenye kontrola kwanza, paneli mwisho; unapofungua, paneli itoke kwanza.