Uzoefu wangu: safari ya boti kwenye mito ya barafu ya Alaska na picha za Mama

Mwishoni mwa Juni nilimpeleka Mama, aliyekuja kututembelea Seattle kutoka Tanga, kwenye safari ya siku moja ya boti katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska, nikiwa na nia moja tu, nayo ni kumpiga picha nzuri mbele ya mito ya barafu (glacier), yaani barafu nene inayoteremka polepole kutoka milimani. Naandika kwa ajili ya yeyote anayepanga safari kama hii, hasa mwenye ngozi nyeusi kama yetu, kwa sababu kilichonisumbua kuliko baridi na mawimbi ni namna kamera inavyoshindwa kuupima uso mweusi uliosimama mbele ya barafu nyeupe. Kwa jumla naipa safari nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuondoa nyota moja nitaieleza hapo mbele.

Boti huondokea Whittier, mji mdogo ulio kama kilomita 100 kutoka Anchorage. Barabara pekee ya kuingia mjini humo hupita kwenye handaki la Anton Anderson, lenye urefu wa kilomita 4, lililochimbwa kwa ajili ya reli ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na kufunguliwa kwa magari mwaka 2000. Handaki lina njia moja tu, na magari hupita juu ya reli ile ile inayotumiwa na treni, kwa hiyo wanaoingia na wanaotoka hupeana zamu: waendao Whittier hufunguliwa inapofika nusu saa, na watokao hufunguliwa saa kamili. Sisi tuliondoka Anchorage saa tatu asubuhi, tukasimama mara tatu kupiga picha kando ya mkono wa bahari uitwao Turnagain Arm, na tulipofika mlangoni saa tano kasoro dakika kumi zamu ya saa nne na nusu ilikuwa imekwisha fungwa. Tulikaa kwenye foleni hadi saa tano na nusu, na ingawa boti yetu ilikuwa inaondoka saa sita na nusu, dakika zile arobaini zilinikosesha utulivu kabisa. Ushauri wangu ni kwamba picha za barabarani ziachwe hadi wakati wa kurudi. Mwezi Juni jua la Anchorage hukaa angani takriban saa 19, kwa hiyo jioni bado mwanga utakuwepo wa kutosha.

Tiketi zilitugharimu zaidi kidogo ya dola 200 kwa mtu mmoja, pamoja na chakula cha mchana. Wakati wa kukata tiketi kwenye mtandao unaulizwa chakula unachotaka, na asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali asiruke swali hilo. Sisi tulichagua samaki, na walituletea samaki bila usumbufu wowote. Kwa mwenye wasiwasi wa kulewa bahari, niseme tu kwamba njia yote imo ndani ya maji yaliyokingwa na visiwa na milima, na boti yenyewe ni katamarani pana, yenye matumbo mawili. Mama, ambaye amevuka sana kwenda Pemba kwa vyombo vya kila aina, alisema bahari hii imetulia kama birika la msikitini.

Nilikuwa nimeomba Mungu tupate jua kali, tukapata mawingu mazito siku nzima. Ilikuwa heri kubwa. Barafu ya mto wa barafu imeshindiliwa kwa uzito wake mwenyewe hadi mapovu mengi ya hewa yakabanwa au kutoweka, na inapopitiwa na mwanga hufyonza zaidi rangi nyekundu na kuiacha buluu itoke. Chini ya jua kali uso wa barafu humetameta na buluu hiyo hufifia machoni, lakini chini ya wingu huonekana hadi ndani ya nyufa. Na kwa uso wa binadamu wingu ni bora zaidi, maana mwanga wake huenea taratibu bila kuacha kivuli cheusi chini ya macho na kidevu. Whittier ni mahali pa mvua nyingi mno, kwa hiyo asiahirishe mtu safari kwa sababu utabiri umeonyesha mawingu. Achukue tu koti lisilopenya maji na kitambaa kikavu cha kufutia lenzi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kamera haijui kwamba inatazama barafu. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina mwangaza wa kadiri, kama wa rangi ya kijivu, kwa hiyo inapoona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Matokeo yake barafu hutoka ya kijivu, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake hutoka kama kivuli, meno na macho yakionekana peke yake. Picha zangu nane za kwanza za Mama zilitoka hivyo hivyo. Nilipoziangalia kwenye kioo cha kamera niliumia, kwa kuwa uso wake, wenye makunyanzi yale mazuri pembeni mwa macho, haukuwepo kabisa.

Nilichofanya ni kuongeza mwangaza kwa mkono. Kwa picha za barafu peke yake, kuongeza theluthi mbili za hatua kulitosha kurudisha weupe wake. Kwa picha za Mama niliongeza hatua moja na theluthi. Kila hatua moja huongeza mwanga maradufu, kwa hiyo si jambo dogo, na sehemu fulani za barafu nyuma yake ziliungua zikawa nyeupe tupu. Nilikubali hasara hiyo. Barafu niliipiga peke yake kwenye picha nyingine, na kwa kuwa nilihifadhi faili ghafi (RAW) badala ya zilizobanwa, baadaye nyumbani niliweza kurudisha kiasi cha buluu iliyokuwa imepotea. Anayetumia simu aguse uso wa mtu kwenye kioo, ashikilie hapo mpaka kipimo kijifunge, kisha arekebishe mwangaza kidogo kwa kidole kabla ya kupiga.

Jambo la pili ni mahali pa kumsimamisha mtu. Watu wote hukimbilia omo, yaani mbele ya boti, wakaelekeza mgongo kwenye barafu na uso kwenye giza la kibanda cha boti, na hapo ndipo nyuso zinapozidi kupotea. Mimi nilimpeleka Mama ubavuni, karibu na tezi, upande wa nyuma, nikamwambia aitazame barafu kwa pembeni. Weupe wa barafu na wa anga ukampiga shavuni kama taa ya studio. Alikuwa amejitanda kanga yake nyekundu juu ya jaketi zito, na wekundu ule kati ya buluu na kijivu ulifanya kazi ambayo hakuna lenzi ingeifanya. Isitoshe, mtu akiwepo kwenye picha ndipo mtazamaji anapoelewa ukubwa wa ukuta ule. Kipande kilichoonekana kidogo kwa mbali kilikuwa kikubwa kama nyumba.

Hatukuwa na sababu ya kugombania nafasi, kwa sababu nahodha alipofika mbele ya Surprise Glacier, ndani ya Harriman Fjord, ghuba nyembamba kati ya milima, aliigeuza boti polepole ili kila upande upate zamu yake. Tulikaa pale karibu nusu saa. Niliweka kasi ya shata kwenye sehemu 1 kwa 1000 ya sekunde, maana boti hutikisika hata inapoelea tu, na sikuegemeza kiwiko wala lenzi kwenye chuma cha pembeni, ambacho hupitisha mtetemo wa injini moja kwa moja hadi kwenye kamera. Anayetaka kunasa barafu ikimeguka asisubiri mlio. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kishindo kinapokufikia kipande kimekwisha anguka majini. Chagua sehemu ya ukuta ambapo vijiwe vya barafu vimeanza kudondoka, elekeza kamera hapo, uache kidole juu ya kitufe.

Palepale mfanyakazi mmoja alivua kipande cha barafu kwa wavu akakipitisha mkono kwa mkono. Kilikuwa angavu kama kioo, na ukikisogeza sikioni ulisikia kikitoa mlio mdogo mdogo wa kuchacharika, hewa iliyofungwa humo miaka mingi ikitoka. Mama alikishika kwa viganja viwili mpaka maji yakachirizika kwenye mikono ya jaketi, akasema, "Mwanangu, hiki kinapumua." Picha ya viganja vile niliipiga kwa karibu, na ndiyo pekee ambayo sikulazimika kuirekebisha hata kidogo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuingia na kamera kwenye kibanda chenye joto ili nikanywe chai. Lenzi iliyopoa ilipokutana na hewa ya joto yenye unyevu ilifunikwa na ukungu, na nilipotoka nje kwa haraka kuwapiga sili waliolala juu ya vipande vya barafu sikuona kitu kwa dakika kumi nzima. Ifungie kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, uiache humo mpaka ipate joto la ndani. Betri ya akiba nayo ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kwa wanyama, lenzi yangu ya milimita 70 hadi 300 ilitosha, ingawa kwa nyangumi mwenye nundu ilikuwa fupi kidogo, kwa kuwa kanuni za Marekani kwa maji ya Alaska haziruhusu chombo kumkaribia chini ya mita 91.

Harriman Fjord ina historia ambayo mpenda picha atafurahi kuijua. Iliingia kwenye ramani mwaka 1899, wakati tajiri wa reli Edward Harriman alipokuja na meli iliyojaa wanasayansi na wasanii, akiwemo mpiga picha Edward Curtis kutoka Seattle. Meli yao ilipenya kwenye mlango mwembamba uliokuwa umekaribia kuzibwa na Barry Glacier. Leo Barry imerudi nyuma sana, na mwaka 2020 wanasayansi walitahadharisha kwamba mteremko uliokuwa ukiegemea barafu hiyo unaweza kuporomoka baharini na kuzusha tsunami, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza njia ya boti siku hiyo ni ipi.

Nyota niliyoiondoa ni kwa mambo mawili. Chakula kiligawiwa wakati tunakaribia kundi la kwanza la barafu, hivyo wengi walikula wakitazama nje kupitia vioo vyenye madoa ya chumvi. Na picha ya kumbukumbu ambayo kampuni huiuza ilitutoa sisi wawili weusi tititi mbele ya barafu iliyong'aa. Nilipomweleza mhusika kwa upole, alinijibu kwamba picha haina tatizo kwa kuwa barafu imeonekana vizuri. Sikuinunua. Kampuni inayochukua fedha kwa picha za abiria wa rangi zote inapaswa kuwafundisha wapigaji wake kupima nyuso.

Nilipozichapa picha zangu, nakala ya kwanza ilitoka nyeusi kuliko nilivyoiona kwenye kompyuta, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake kama kioo. Niliongeza mwangaza wa uso kidogo tena, nikachapa upya kwa sentimita 40 kwa 60, na Mama akaondoka nayo kwenda Tanga ikiwa imeviringishwa ndani ya ile kanga nyekundu.