Kalibu safi, maneno ya uongo: vichwa vya kusubu nyumbani kwenye bunduki inayojikoki yenyewe

Nianze na lililonichefua, maana mengine yote mnaweza kuyasoma kwenye boksi. Nilimpigia muuzaji aliyeniuzia seti ya kusubia vichwa vya risasi, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, kumweleza kwamba bunduki yangu imeziba. Akanisikiliza kidogo, akaguna, kisha akasema: "Kaka, wewe ndiye wa kwanza kulalamika. Wenzako wanapiga tu." Akakata simu. Nikamtumia picha ya tundu la gesi, kile kitundu cha mtutuni kinachotoa gesi ya kukoki bunduki, lilivyojaa ukoko wa kijivu, akanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba! Hata "pole" hakuna.

Nilichonunua ni seti ya kusubia vichwa vya risasi nyumbani: kalibu ya alumini ya kutoa vichwa viwili kwa mkupuo, kijiko cha kuchotea, na chupa ya nta ya maji ya kulainishia. Kabla ya kulipa nilimwambia wazi kwamba bunduki yangu ni nusu-otomatiki, ya mtindo wa AR-15, kaliba .223, ile ambayo gesi inatoka mtutuni na kurudi nyuma kupitia mrija mwembamba kwenda kusukuma komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Nikarudia, maana najua watu wa mauzo wanavyoitikia kila kitu. Akajibu, "Inafaa bunduki zote za kaliba hiyo, bosi wangu." Kabla ya kulipa nilikuwa bosi. Baada ya kulipa nikawa kaka msumbufu.

Sasa, kusubu kwenyewe sina neno baya, na hapo ndipo hasira yangu inapochanganyikiwa. Madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, si joto la ajabu, na kalibu ikishapata moto sawasawa vichwa vinatoka vimenyooka, vinang'aa, kingo za kitako kali kama inavyotakiwa. Vya mwanzo hutoka na mikunjo kwa sababu kalibu bado baridi; unavirudisha sufuriani, habari imekwisha. Nilivifurahia mno. Nilivipanga mezani nikawa navitazama tu. (Fanyeni kazi hii mahali penye hewa, tone la maji lisikaribie sufuria kwa sababu litalipua madini ya moto yakurukie usoni, na nawa mikono kabla ya kushika chakula. Mvuke na vumbi la risasi si mchezo, hasa kwa watoto.)

Shida ilianza uwanjani. Milio michache ya kwanza ilikwenda vizuri, hata nikaanza kujisifu. Kisha bunduki ikaanza uvivu: komeo linarudi nusu njia, ganda linabaki limekwama mdomoni. Nikikoki kwa mkono inapiga, halafu inagoma tena. Nilipotoa magazini na kuchomoa risasi iliyokwama ikiingia, nikakuta ncha ya kichwa imechubuka upande mmoja ilipogonga mteremko wa kuingilia chemba, na kipande chembamba cha madini ya risasi, laini kama kucha ya mtoto, kimebaki kinaning'inia pale. Kimoja tu hicho kinatosha kuzuia komeo lisifunge vizuri, na komeo lisilofunga vizuri ni hatari kwa anayepiga. Nikasimamisha zoezi, nikafungasha.

Nyumbani nikaifungua. Jamani. Kwenye mtutu, michirizi ya madini ya risasi imeshikamana ndani ya mifereji. Hiyo nilikuwa naitegemea kidogo, inasuguliwa kwa brashi na uvumilivu. Lakini lile tundu la gesi! Kila kichwa kinapopita juu ya ukingo wake kinaacha ukwaruzo kidogo, nta nayo inaungua na kuwa masizi ya kunata, na mchanganyiko huo wote unapulizwa kuelekea kwenye mrija. Kwenye bunduki yenye pistoni angalau unachomoa pistoni, unakwangua, unarudisha. Mrija wa aina yangu hauingiliki. Nilikaa na sindano na kitambaa mpaka shingo ikaniuma, nachokoa vipande vya kijivu vidogo kuliko punje ya ulezi, na kila nikidhani nimemaliza kingine kinachungulia.

Tena bunduki za namna hii zina mtego ambao mtu anayejiita mtaalamu wa vifaa hivi hana haki ya kutoujua. Vichwa vya kiwandani vya .223 vimevikwa ganda la shaba na vinatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Kichwa cha risasi tupu chenye kitako wazi hakiwezi kubeba mwendo huo. Gesi ya moto inapenya ukingoni mwa kitako, inakiyeyusha na kukila, na kinachoyeyuka ndicho kinachobandika mtutuni. Kwa hiyo wanaotumia vichwa vya aina hiyo hupunguza mwendo hadi karibu nusu au chini ya hapo. Sawa. Lakini ukipunguza, gesi inapungua pia, na gesi ndiyo inayofanya kazi ya kukoki! Ukienda taratibu komeo halirudi, ukienda kasi mtutu unapakwa risasi. Ukipunguza kupita kiasi kichwa kinaweza kuganda katikati ya mtutu, na anayepiga kingine nyuma yake bila kujua anaweza kuupasua mtutu. Hakuna neno hata moja la haya kwenye boksi. Kuna picha ya tai.

Dawa ipo, na hilo ndilo linalonitia uchungu. Kuna kalibu zinazotoa kichwa chenye kitako kilichopunguzwa ili kuvishwa kikombe kidogo cha shaba, na kikombe hicho ndicho kinachozuia gesi isikile kitako. Kuna wanaopaka vichwa rangi ya unga na kuvioka kwenye oveni ili risasi isigusane na chuma moja kwa moja, na wanaachana kabisa na hii nta ya kunata. Kuna suala la aloi, yaani mchanganyiko wa madini, pia: risasi tupu ina ugumu wa takriban 5 tu kwa kipimo cha Brinell, wakati aloi ya herufi za mitambo ya zamani ya kuchapia, yenye antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4, inafika takriban 22. Kwa bunduki yangu nilihitaji kalibu ya kitako cha kikombe na madini magumu. Niliuziwa kalibu ya kitako wazi na kuambiwa niyeyushe risasi yoyote nitakayopata. "Risasi ni risasi," ndivyo alivyosema. Siyo, bwana.

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja hapa. Kisha rafiki yangu akaja na bunduki yake ya kukoki kwa mkono, kaliba ileile, tukapakia vichwa vilevile kwa mwendo wa chini, na aibu iliyonipata siwezi kuificha. Mashimo kwenye karatasi yalikaa karibukaribu, mtutu ukabaki safi isipokuwa masizi ya kawaida, hakukuwa na kishindo cha kuumiza bega. Bunduki ya namna hiyo haina tundu la gesi la kuziba wala komeo linalosubiri kusukumwa. Mkono wako ndio gesi. Rafiki yangu alicheka mpaka akaomba nimuuzie kalibu. Nikakataa.

Basi nikapandisha nyota hadi tatu, maana kalibu ni nzuri kwelikweli: vipande vyake viwili vinakutana bila pengo, mpini haupati moto haraka, bawaba haichezi. Nilikuwa hata natafuta maneno ya upole ya kumalizia. Wakati huohuo muuzaji akanitumia ujumbe. Anajitetea kwamba tatizo ni usafi wa bunduki yangu, na kwamba kama nataka ifanye kazi "kama ya wenzangu" ninunue kwake dawa ya kusafishia mtutu, ana punguzo. Yaani anaziba, halafu anauza cha kuzibua!

Nyota ni moja. Mwenye bunduki ya kukoki kwa mkono aisome kama nne na anunue bila wasiwasi, ila chupa ile ya nta aiache dukani. Mwenye nusu-otomatiki ya mrija kama yangu asiiguse seti hii hata akipewa bure. Atafute kalibu ya kitako cha kikombe, aulize kuhusu aloi, na akijibiwa "inafaa zote" aondoke hapohapo. Kwa muuzaji, najua unasoma hapa: kalibu sirudishi. Fedha ya nta naidai, na sitaki kidole gumba.