Kabla Hujalipia Albamu, Sikiliza Mshono

Nilinunua albamu ya onyesho la jukwaani, mafaili ya FLAC, yaani sauti iliyobanwa bila kupoteza kitu, kwenye duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja. FLAC ilikuwa ghali kuliko MP3, nikalipa bila kunung'unika. Usiku nikavaa hedifoni, nikazima taa. Wimbo wa tatu ukaisha, makofi yakapanda, mpiga ngoma akaanza kugonga vijiti vya kuingilia wimbo wa nne: viwili, tk, kisha viwili. Katikati hapo kimya cha kufumba jicho, kana kwamba ukumbi mzima ulikata pumzi kwa pamoja. Wa nne kwenda wa tano, vilevile. Nikadhani ni simu. Nikahamishia mafaili kwenye kompyuta: tk.

Nikawaandikia. Wakanijibu niwashe ule mpangilio unaopandisha mwanzo wa wimbo unaofuata juu ya mwisho wa uliotangulia. Yaani fundi ameacha tundu kwenye mshono, halafu anakwambia uvae koti juu.

Basi mwongozo huu hauna habari na wingi wa nyimbo dukani wala uzuri wa kurasa zake. Wengine wameshaandika hayo. Mimi nauliza swali moja tu: wimbo ukigusana na mwenzake, mshono unashika?

Nieleze tundu linatoka wapi. MP3 hukata sauti vipande vipande vinavyoitwa fremu, kila kimoja sampuli 1,152 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti). Kwa sauti ya kilohezi 44.1, yaani sampuli 44,100 kila sekunde, hiyo ni kama milisekunde 26. Wimbo haujali fremu inaishia wapi, kwa hiyo fremu ya mwisho hujaziwa kimya. Mwanzoni nako programu inayobana huongeza kidogo, na inayofungua huongeza kidogo. Kwa LAME, programu ya kubana ambayo imetengeneza sehemu kubwa ya MP3 za dunia hii, ni sampuli 576 za kubana na 529 za kufungua. Jumla 1,105, milisekunde 25. Utasema ni kidogo. Jaribu kuziweka katikati ya makofi.

Haki yake, LAME huandika mwanzoni mwa faili ni kiasi gani cha kukata, na kicheza muziki chenye akili hukata. Shida ni faili kupitia mikono ya watu hadi maandishi hayo yakafutika, au kicheza muziki kisijisumbue kuyasoma.

FLAC haina ugonjwa huu. Hubana sauti hadi kama nusu au theluthi mbili ya ukubwa wake, na ukiifungua unarudishiwa kila sampuli ilivyokuwa, hakuna iliyoongezwa wala iliyopungua. Sasa tundu kwenye FLAC yangu lilitoka wapi? Ndipo nilipokasirika. Nikafungua albamu kwenye foobar2000, kicheza muziki cha kompyuta, nikatazama idadi ya sampuli za kila wimbo, nikachukua kikokotoo cha simu nikagawanya kwa 1,152. Jibu namba kamili, bila desimali. Wimbo wa pili, namba kamili. Wa tatu pia. Nyimbo zote kumi na moja! Zile zilizaliwa MP3. Mtu alizifungua, akazivika gamba la FLAC, na kimya kikagandia ndani ambako hakuna programu itakayojua kukikata. Nilichouziwa kilikuwa MP3 iliyonona.

Shika na namba ya pili: 588. CD husomwa kwa sekta 75 kila sekunde, na kila sekta ina sampuli 588. Wimbo ulionyofolewa kwenye CD ukiugawanya kwa 588 haubakizi kitu. Si hukumu ya mahakama, maana faili huweza kukatwakatwa baadaye na hesabu ikavurugika, lakini albamu nzima ikigawanyika kwa 1,152, mimi sihitaji shahidi mwingine.

Chaguo langu la kwanza ni Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wasanii huuza kazi zao wenyewe, na sifichi mapenzi. Msanii anatakiwa apandishe sauti ambayo haijapoteza kitu, WAV, AIFF au FLAC. Wewe ukishalipa unachagua unachotaka: FLAC, ALAC (ndugu yake wa Apple), WAV, hata MP3 kama simu imejaa, na kesho ukitaka aina nyingine unarudi kupakua tena. Kwenye mauzo ya kidijitali Bandcamp hukata asilimia 15, ikishuka hadi 10 kwa anayeuza sana, na hilo nalo linanipa raha ninapolipa. Angalizo moja: kile unachoonjeshwa kwenye ukurasa kabla ya kununua ni MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, usikitumie kuhukumu. Na ndiyo, msanii mwenyewe anaweza kupandisha MP3 iliyovikwa gamba. Lakini huyo angalau unajua ni nani wa kumuuliza.

La pili, CD, hata iliyotumika. Watu wananicheka. Programu ya Exact Audio Copy inainyofoa kwa uangalifu, kisha AccurateRip inalinganisha ulichopata na walichopata wengine wenye CD hiyohiyo. Duka gani la mtandaoni linakupa uhakika kama huo? Kero ni kutafuta kisomeo, maana kompyuta za siku hizi hazinacho.

La tatu ni iTunes Store. Inauza AAC, aina nyingine ya kubana sauti, ya kilobiti 256, bila kufuli la kuzuia kunakili tangu 2009. Ndiyo, AAC hutupa sehemu ya sauti, lakini faili hubeba maelezo ya wapi pa kukata na vicheza muziki vya Apple huyatii. Mshono wa AAC safi naupendelea kuliko FLAC ya uongo.

Kulipia kwa mwezi naweka la nne, ingawa najua ndiko wengi mliko. Apple Music inatoa ALAC bila nyongeza ya bei tangu 2021. Spotify ilikaa miaka na Ogg Vorbis, nayo hutupa sehemu ya sauti, isiyozidi kilobiti 320, hadi 2025 ilipoanza kutoa sauti isiyopoteza kitu. Zote mbili zinajua kuunganisha nyimbo. Ila hapo umepanga, hujanunua: ulichopakua Spotify kinataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hakifunguki.

Flashi zenye maelfu ya MP3 za bei ya kutupa: hapana.

Kinachoniuma zaidi ni bei za mafaili ya biti 24 kwa kilohezi 192. Kabla ya kubanwa, sauti hiyo ni kilobiti 9,216 kwa sekunde, mara sita na nusu ya 1,411 za CD, na muuzaji anapandisha bei kana kwamba sikio nalo limekua. Sikio la binadamu linaishia karibu kilohezi 20, na sampuli za CD, kilohezi 44.1, zinatosha kubeba sauti hadi nusu yake, 22.05. Halafu mnunuzi anakwenda kusikiliza kwa Bluetooth, ambako hata LDAC, njia ya Sony ya kupitishia sauti, mwisho wake ni kilobiti 990! Namba kubwa inauzika. Mshono haujapata wa kuuandika kwenye tangazo.

Pesa sikurudishiwa, nilipewa salio la kutumia dukani kwao, na bado limekaa. Nikatafuta albamu ileile kwenye CD, ikaja na gamba lililopasuka kona. Nikainyofoa, nikagawanya kwa 588, hakikubaki kitu. Usiku nikazima taa tena. Makofi yakapanda, vijiti vikagonga mara nne, wimbo ukaingia.