Uzoefu wangu: siku moja kwenye njia ya maksai, Emigration Canyon, Utah

Mimi ni dereva wa malori. Miaka kumi na mbili niliendesha Tanzania, nikipanda na kushuka Kitonga na mizigo ya Zambia na Kongo, na huu ni mwaka wa saba naendesha hapa Utah. Kila wiki napita Parleys Canyon mara nne au tano, barabara ya Interstate 80, nikitokea Wyoming. Mteremko ni wa asilimia 6 hivi, kuta za mwamba zimekubana kushoto na kulia, ukichelewa kushusha gia utasikia harufu ya breki, halafu ghafla bonde linafunguka na Salt Lake City yote iko chini yako. Kwa muda mrefu nilikuwa najiuliza: kabla ya lami na kabla ya baruti, nani alithubutu kushusha gari hapa?

Jibu nililipata Jumamosi moja ya Juni: mwanzoni, hakuna. Walipita korongo la jirani, Emigration Canyon.

Nilikwenda na binti yangu wa miaka kumi, ambaye mwaka huu shuleni wamesoma historia ya Utah, pamoja na jirani yetu, mama mmoja wa Uvira. Tulikata tiketi za ziara ya siku nzima ya kampuni ndogo ya hapa mjini: dola 90 mtu mzima, 45 mtoto, chakula cha mchana kimo ndani. Basi dogo, abiria tisa, na mwongoza ziara ni mama mtu mzima aliyewahi kufundisha historia. Saa mbili kamili asubuhi tuliondoka, hawakuchelewa hata dakika.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba hawakutupeleka kwenye mnara wa kumbukumbu na kutupiga picha. Walitupeleka kwanza nyuma ya milima, East Canyon, mahali panapoitwa Mormon Flat, tukashuka kwenye basi na kuanza kupanda kwa miguu tukifuata kijito hadi juu Big Mountain. Ni kilometa sita na kitu za kupanda. Basi lilizunguka na kutusubiri huko juu.

Pale chini mwongozaji alianza na wenyeji. Washoshoni, Wagoshute na Waute waliyajua makorongo haya kabla ya gurudumu lolote kufika. Njia zao za miguu zilikuwepo, ila njia ya mguu si njia ya gari. Hapo akasema jambo ambalo dereva yeyote atalielewa mara moja: gari la maksai haliwezi kukata mlima kwa ubavu, kwa sababu ni refu kwenda juu na litabiruka. Kwa hiyo unalo chaguo la kupita chini kabisa, ndani ya kijito au kando yake, au kupanda mlima uso kwa uso na kushuka hivyo hivyo. Na kijitoni ndiko kulikojaa vichaka, mialoni mifupi na miti iliyosongamana mpaka sungura apite kwa kujibana. Ukitaka kupita, shika shoka.

Walioshika shoka kwanza mwaka 1846 ni kundi la Donner na Reed. Walikuwa familia zilizoelekea California, zikaamini njia ya mkato iliyonadiwa na mtu aitwaye Lansford Hastings. Walipofika mto Weber walikuta ujumbe wake kwamba korongo la Weber lina shida, wamsubiri. James Reed akatangulia na farasi kumfuata, akamkuta ng'ambo karibu na ziwa la chumvi. Hastings hakurudi kuwaongoza. Alimsindikiza kidogo tu, akamwonyesha kwa mkono kutoka kilimani: piteni kule. Kule kwenyewe hakukuwa na barabara.

Mimi nimewahi kuelekezwa hivyo, "nyoosha tu, utaona," nikiwa na tani thelathini nyuma. Kwa hiyo nilisimama pale juu Big Mountain, mita 2,262 kutoka usawa wa bahari, nikatazama upande uleule ambao Reed aliutazama, na nikawahurumia watu wale kuliko nilivyotegemea. Kutoka mto Weber hadi bondeni ni kama kilometa 58. Ukihesabu na siku za kusubiri, ziliwachukua siku 16. Watu 87, magari zaidi ya ishirini, wanaume wachache wenye nguvu ya kukata miti kutwa. Kwa lori langu kipande hicho ni chini ya saa moja.

Kutoka Big Mountain utaiona sehemu ya bonde kwa mara ya kwanza, na wengi walidhani wamefika. Hawajafika. Kwanza kuna mteremko wa upande wa magharibi, ambao ukiuona utaelewa kwa nini walifunga magurudumu ya nyuma kwa minyororo yasizunguke kabisa, gari likaburuzwa kama kitanda. Waliopita mwaka uliofuata waliandika kwamba mteremko ule ulikuwa mrefu na wa kuchosha kwa sababu ya visiki vilivyobaki njiani. Visiki vya shoka za kina Donner hivyo.

Halafu linakuja swali langu la siku zote. Ukishuka Big Mountain unaangukia Mountain Dell, na maji ya pale yanateremka moja kwa moja Parleys Canyon hadi bondeni. Kwa nini wasiyafuate maji? Nilimuuliza mwongozaji, akasimamisha basi ili anionyeshe. Chini ya pale Parleys inakuwa nyembamba, mawe makubwa yamejaa kijitoni, hakuna mahali pa gurudumu. Ikawa afadhali kupanda mlima mwingine, Little Mountain, mita kama 1,900, ili kuangukia Emigration Canyon. Fikiria umeshuka mlima mzima na ng'ombe waliochoka, halafu unaambiwa upande tena! Barabara ya Parleys ilikuja kufunguliwa 1850 na Parley Pratt, ambaye jina lake ndilo limebaki pale. Aliita Golden Pass na akaweka ushuru wa njia: gari la wanyama wawili senti 75, kondoo senti moja kila kichwa. Mwaka wa kwanza alikusanya karibu dola 1,500. Kwa hiyo njia yangu ya kila siku ilianza kama barabara ya kulipia.

Chakula cha mchana tulikula kando ya Emigration Creek, mikate ya nyama ya bata mzinga, matunda, na chai ya chupa. Kilitosha. Kijito chenyewe ni kidogo, mtu mzima anakiruka katika sehemu nyingi, maji yanapiga kelele juu ya mawe mekundu. Mwongozaji alikataza watoto kunywa au kuchezea maji, maana kimo kwenye orodha ya serikali ya vijito vyenye vijidudu vya E. coli, na nyumba ni nyingi kando yake siku hizi. Binti yangu alinung'unika kidogo. Mimi nilishukuru kwamba tuliambiwa mapema na kwa uwazi, wazazi mjue hilo.

Kati ya yote, sehemu ambayo ningelipia tena hata kama ingekuwa peke yake ni mdomo wa korongo, Donner Hill.

Hapa tarehe 22 Agosti 1846 kina Donner walibakiza kipande kifupi sana wafike bondeni. Mbele yao kijito kimezibwa na vichaka, na kando kuna kilima kikali. Walikuwa wamekata miti kwa siku nyingi. Wakasema basi, hatukati tena. Wakaamua kupanda kilima. Ili kupandisha gari moja ilibidi wafunge karibu maksai wote waliokuwa nao, jozi kwa jozi, wavute hadi juu, wawafungue, wawarudishe chini, wafunge gari lingine. Gari baada ya gari, zaidi ya ishirini. Nilipanda kipande cha ukingo ule kwa miguu, nikiwa na viatu vizuri na chupa ya maji tu, na bado nilishika majani ili nisiteleze.

Wale ng'ombe walitoka pale wamechoka kabisa. Baada ya hapo lilikuja jangwa la chumvi, na baada ya jangwa milima ya Sierra Nevada, ambako theluji iliwafungia tangu mwanzo wa Novemba. Kati ya watu 87, walionusurika ni 48. Njaa iliwafikisha wengine kula waliokufa, na habari hiyo ndiyo dunia inayoikumbuka. Ukisimama pale kilimani unakumbuka kitu kingine kabisa, zile siku 16.

Sasa sikia kilichofuata. Mwezi Julai 1847, chini ya mwaka mmoja baadaye, msafara wa kwanza wa Wamormoni, watu wa dini walioanzisha Salt Lake City, ulifika pale pale, ukiifuata barabara ya kina Donner. Wakakitazama kilima, wakaona nyayo za magurudumu zikipanda, wakaamua kukata vichaka badala ya kupanda. Karani wao, William Clayton, aliandika kwamba kazi hiyo iliwachukua kama saa nne. Saa nne tu! Walikuwa na wanaume wengi, 143 kati ya watu 148, na hawakuwa wamemalizwa na shoka kwa sababu wengine walikwisha kukata kabla yao. Hapo pana kibao cha kumbukumbu, na mimi nilikisoma mara tatu.

Lawama yangu ya kwanza inahusu hapo. Tulipewa dakika kumi. Asubuhi tulipoteza dakika arobaini kwenye duka la zawadi ambalo halikuwa na uhusiano wowote na njia hii, halafu mahali penye uzito kuliko pote tukaharakishwa. Niliwaandikia baada ya ziara, wakanijibu vizuri na kusema wataangalia ratiba.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi kwangu. Kituo cha mwisho ni This Is the Place Heritage Park, kwenye mdomo wa korongo. Kuna mnara mkubwa uliozinduliwa tarehe 24 Julai 1947, miaka mia kamili tangu Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, aingie bondeni akiwa mgonjwa wa homa ya milimani, amelazwa ndani ya gari. Mchongaji wa mnara, Mahonri Young, alikuwa mjukuu wa huyo Brigham. Tulikaa hapo nusu saa na maelezo yalikuwa mazuri. Lakini hapo hapo kuna sanamu nyingine, zilizozinduliwa Julai 2022, za watu weusi waliokuwemo katika safari ya 1847: Green Flake, Hark Wales, Oscar Smith na Jane Manning James. Kwa hizo tulipewa maneno mawili matatu tukiwa tunarudi garini.

Binti yangu ndiye aliyegoma kutembea. "Baba, na hawa je?" Nikarudi naye, na jirani yetu akarudi, tukasoma wenyewe.

Green Flake, Hark na Oscar walikuwa watumwa. Walikuja na msafara wa kwanza si kwa kupenda kwao, wakiwa mali ya familia za kusini mwa Marekani, na walikuwa miongoni mwa wale waliotangulia mbele kutengeneza njia. Yaani mikono iliyokata vichaka vile vya saa nne pale Donner Hill ilikuwemo mikono yao. Walikuwa wameshaingia bondeni tarehe 22 Julai, siku mbili kabla ya kiongozi ambaye siku yake ya kuwasili, tarehe 24, ni sikukuu ya jimbo zima mpaka leo. Jane Manning James alifika miezi miwili baadaye, mwanamke huru, na familia yake. Mwaka 1852 Utah, iliyokuwa bado eneo la Marekani na si jimbo kamili, iliuhalalisha utumwa kwa sheria, na haukufutwa mpaka bunge la Marekani lilipoufuta 1862 katika maeneo yote ya namna hii. Green Flake aliishi hadi 1903.

Jirani yetu alisimama mbele ya sanamu ya Green Flake kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaiinamia kidogo, kama tunavyofanya kwa mzee. Mwongozaji aliona. Alirudi, akaomba radhi, akakaa nasi na kutusimulia mengi aliyoyajua, na alijua mengi. Kwa nini basi hayamo katika ratiba? Kwa wanaopanga ziara hizi: kituo hicho kipewe muda wake. Kuna Waswahili wengi katika jiji hili, kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania, na watoto wetu wanasoma historia hii darasani.

Mengine kwa ufupi. Viti vya basi ni vizuri, kipaza sauti kilikuwa kibovu kwa hiyo kaeni mbele. Kuhusu miaka iliyofuata tulipewa habari za haraka: watu waliovuta mikokoteni kwa mikono kuanzia 1856, kama tunavyoijua mikokoteni ya sokoni, ila wao waliivuta kuvuka nchi; wapanda farasi wa barua wa Pony Express, 1860 hadi 1861; kisha reli ya 1869 iliyoifanya njia hii isihitajike.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, maana barabara ya Big Mountain hufungwa wakati wa theluji. Vaeni suruali ndefu, kupe wapo kwenye majani, na bebeni maji yenu wenyewe, lita mbili kila mtu. Mwenye magoti mabovu aombe kubaki ndani ya basi hadi Big Mountain, wanaruhusu. Mimi nimeshakata tiketi nyingine ya mwisho wa Septemba, safari hii na mama yake binti yangu, na nimewaomba kwa maandishi dakika arobaini pale Donner Hill.